Ofa ya kuhama Marekani: uchukue 5,000 mkononi, urudishiwe kwa risiti, au ujaziwe kodi? (na kwanini ushauri wa Kanada hautakusaidia)

Mwaka 2022 tulihama Columbus, Ohio kwenda Houston kwa ajili ya kazi yangu mpya, na kwenye barua ya ofa kulikuwa na mstari mmoja ulionifurahisha kuliko hata mshahara wenyewe: dola 5,000 za kuhama. Mimi na mke wangu tukakaa mezani tukapiga hesabu, lori la futi 26, mafuta, hoteli usiku mmoja njiani, depositi ya apatimenti, tukaona inatosha na chenji inabaki. Slipu ya kwanza ilipokuja nikakuta zimeingia 3,517 na senti 50. Nikaipitia mstari kwa mstari: kodi ya serikali kuu 1,100, Social Security (mfuko wa pensheni) 310, Medicare (bima ya afya ya uzeeni) 72.50. Nikasema sawa, nitazidai kwenye ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, manake binamu yangu wa Edmonton, Kanada alishanipigia kabisa akaniambia tunza risiti zote kaka, gharama za kuhama zinapunguza kodi. Nikatunza kwenye bahasha ya kaki, zote, mpaka za barabara za kulipia. Mwezi wa pili mwaka uliofuata nikampelekea mama mmoja anayetujazia ritani hapa mtaani, akaifungua ile bahasha, akachungulia, akaifunga akanirudishia. "Hii haipo tena tangu 2018, baba."

Binamu hakunidanganya. Kwao ni kweli kabisa. Ila kwetu sio, na hapo ndo watu wengi wanapotea kwa sababu magrupu yetu ya WhatsApp yana mtu wa Minneapolis, mtu wa Calgary kule Kanada na mtu wa Birmingham ya Uingereza humo humo, kila mmoja anashauri kwa sheria ya kwake. Kwahiyo nimeamua kuziweka hizi njia ubavuni kwa ubavu ili mtu mwenye ofa mkononi ajue achague nini, nikianzia na Marekani kwa sababu ndo kwenye maumivu.

Kilichobadilika Marekani

Zamani mfanyakazi akihama kwa ajili ya kazi, kituo kipya kikiwa angalau maili 50 mbali zaidi na nyumba yake ya zamani kuliko kituo cha zamani, na akafanya kazi wiki 39 ndani ya miezi 12 ya kwanza, alikuwa anatoa gharama za kusafirisha vyombo na za safari kwenye mapato yake. Na bosi akimlipia, ile hela haikuhesabiwa kama mshahara. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ikafuta vyote viwili kuanzia 2018. Ilikuwa iishe mwisho wa 2025 na wengi tulikuwa tunasubiri 2026 irudi, lakini sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikaifanya ya kudumu. Wamebaki wanajeshi walio kazini, na kuanzia 2026 wakaongezwa watu wa idara za ujasusi. Sisi wengine wote, nesi, dereva, mtu wa IT, mtu wa maghala, hatumo.

Maana yake ni hii, na hili ndo nataka ulishike: Marekani hela ya kuhama huiokoi kwenye ritani, unaiokoa kabla hujasaini. Ukishasaini mchezo umeisha.

Njia za mwajiri, tuzilinganishe

Kuna njia nne ambazo makampuni yanatumia na zote kwa serikali kuu ni mshahara, zote zinakatwa. Tofauti ni nani anabeba yale makato. Nitatumia hesabu ya asilimia 22, ndo kiwango ambacho waajiri wengi wanakata kwenye malipo ya nyongeza kama bonasi, ukiongeza 7.65 ya Social Security na Medicare unapata 29.65. Kodi ya jimbo naiacha pembeni kwanza.

Njia ya kwanza ni hela mkononi kama niliyopewa mimi. 5,000 inakuwa 3,517.50. Uzuri wake ni uhuru, unaweza kuuza kochi, ukahama na masanduku manne kwenye gari lako na hela iliyobaki ni yako, hakuna mtu anakuuliza risiti. Kwa kijana asiye na familia hii ni nzuri sana kwa kweli, hata ikikatwa.

Njia ya pili, unalipa mwenyewe halafu unarudishiwa kwa risiti. Hii watu wanaiona salama kwa sababu wamezoea kwamba ukitumia hela yako kwa kazi ya ofisi, tiketi ya ndege au hoteli ya semina, unarudishiwa yote bila makato. Kuhama sio hivo. Umetumia 4,000, unapeleka risiti za 4,000, wanairudisha kupitia mshahara, inakatwa 1,186, mkononi 2,814. Yaani umefuata utaratibu wote, umekusanya makaratasi, na bado umetoka na hasara. Kwangu mimi hii ndo mbaya kuliko zote kama haijaambatana na kujaziwa kodi, kwa sababu huna uhuru wa ile ya kwanza na makato ni yale yale.

Njia ya tatu, kampuni inamlipa msafirishaji moja kwa moja. Wanakuja watu wanne na maboksi, wanafunga mpaka masufuria, hujatoa hata senti. Raha. Halafu mwezi unaofuata unakuta mshahara wako wa kawaida umepungua na hujui kwanini. Ni kwamba ile ankara, tuseme 6,000, imeongezwa kwenye W-2 yako (fomu ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) kama mshahara, na kodi yake 1,779 inatolewa kwenye hela yako ya kila siku. Hii inaumiza kuliko tarakimu inavyoonekana, manake inakukuta mwezi ule ule ambao umelipa depositi, umelipa rent ya kwanza na shule ya watoto ina madai yake. Kuna dada mmoja wa kanisani kwetu alipitia hii, alidhani HR wamekosea slipu.

Njia ya nne ndo hiyo ya kujaziwa kodi. Wenyewe wanaiita "gross-up", neno hilo lishike lilivyo manake ndo utakaloliandika kwenye barua pepe. Hapa kampuni inakuongezea juu kiasi ambacho baada ya makato unabaki na hela kamili waliyokuahidi. Kukupa 4,000 safi, wanatoa 5,685.86, ukigawa 4,000 kwa 0.7035 unaipata. Kukupa 5,000 safi wanatoa 7,107.32.

Sasa ona hizi mbili zikikaa pamoja:

5,000 tupu: unabaki na 3,517.50
4,000 iliyojaziwa kodi: unabaki na 4,000

Mtu akiletewa hizo ofa mbili bila maelezo, wengi wetu tutachukua ya elfu tano na tutajiona tumebageni vizuri. Kumbe ile ndogo inaizidi kwa karibu dola 500. Mstari wa kubadilishia ni huo huo 3,517.50, yaani ofa yoyote ya kujaziwa kodi iliyo juu ya hapo inaishinda 5,000 tupu. Kama ofa yako ni tofauti, zidisha ofa tupu mara 0.7035 halafu linganisha.

Kuna kitu inabidi niseme kwa haki hapa. Asilimia 22 ni makato ya njiani, sio kodi yako ya mwisho. Kama umeoa na mnajaza pamoja na mapato yenu ya kutozwa kodi kwa 2025 hayazidi 96,950, mpo daraja la asilimia 12, kwahiyo kwenye 5,000 kodi halisi ya serikali kuu ni 600 na ile 500 ya ziada itarudi kwenye rifandi, yaani kodi unayorudishiwa. Unabaki na 4,017.50 mwisho wa siku. Ila rifandi inakuja mwaka unaofuata na lori linalipwa leo. Na hata ukipiga hesabu hiyo hiyo kwenye ofa ya 4,000 iliyojaziwa, nayo inapata rifandi yake ya kama 568, kwahiyo bado inaongoza.

Kwa familia zenye kipato cha chini kuna jambo jingine ambalo sijaona watu wakilisema. Ile krediti ya EITC, ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, ambayo watu wanaisubiri kila mwezi wa pili inashuka kadri mshahara unavyopanda. Ukiwa kwenye eneo ambalo inashuka, na una watoto wawili au zaidi, kila dola inayoongezeka kwenye mshahara inaondoa senti 21 kwenye krediti. Dola 5,000 za kuhama zinaweza kukuondolea zaidi ya 1,000 kwenye rifandi, na hiyo haionekani kwenye slipu yoyote, unakuja kuiona Februari. Na kujaziwa kodi kwa kawaida hakufuniki hilo, tena kunaongeza mshahara zaidi kwenye karatasi. Kama wewe upo hapo, ongea na anayekujazia ritani kabla ya kukubali, na uulize kampuni kama malipo yanaweza kusogezwa yaangukie mwaka mwingine, hasa kama unahama Novemba au Desemba. Kusogeza kwa wiki tatu kunaweza kukusaidia.

Kipengele cha kurudisha hela

Ofa nyingi zina masharti kwamba ukiacha kazi kabla ya miezi 12, wengine 24, unarudisha hela ya kuhama. Watu wanaisoma haraka haraka. Mimi naomba uisome taratibu kwenye sehemu moja tu: unarudisha kiasi gani, kile kilichoandikwa au kile kilichofika mkononi?

Chukua 5,000 yangu. Nilipokea 3,517.50. Kama mkataba unasema narudisha kiasi kamili, nikiacha kazi natakiwa nitoe 5,000, yaani natoa mfukoni karibu 1,500 ambayo sikuwahi kuishika. Ukirudisha ndani ya mwaka ule ule wa kalenda mwajiri anaweza kurekebisha mshahara wako kwenye W-2 na mambo yakakaa sawa. Ukivuka Januari ndo kazi. Kiasi ulichorudisha kikiwa zaidi ya dola 3,000 kuna njia kwenye ritani ya kuidai ile kodi uliyolipa, kwa kuitoa au kwa krediti, ingawa ina makaratasi. Kikiwa 3,000 au chini, kwa kodi ya mapato ya serikali kuu hupati kitu, imekwenda. Kwahiyo mtu aliyepewa 2,500 ya kuhama, akaacha kazi mwaka uliofuata, anarudisha 2,500 kamili na kodi ya mapato ya serikali kuu aliyokatwa hairudi.

Omba iandikwe kwamba unarudisha kilichofika mkononi, na kwamba kiasi kinapungua kila mwezi unaofanya kazi, yaani ukiwa umemaliza miezi 9 kati ya 12 unadaiwa robo tu. Omba pia iseme kwamba ukiachishwa kazi na wao, huna deni. Nimeona mikataba miwili ambayo haikutofautisha kuacha na kuachishwa, na hilo linanikera sana, kwa sababu mtu anahamisha watoto shule, anavuka majimbo manne, halafu kazi inafutwa mwezi wa tano na anatumiwa barua ya deni.

Jimbo unalokwenda lina uzito gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, ila sio sifuri.

Texas, Florida, Washington na Tennessee hawatozi kodi ya jimbo kwenye mshahara kwahiyo hesabu zangu za juu zinabaki hivo hivo. Ohio wana kodi ya jimbo na juu yake miji ina ya kwake, Columbus ni asilimia 2.5, kwahiyo 5,000 ya mtu anayehamia Columbus inaondoka na 125 nyingine kwa mji tu.

California ndo tofauti ya kweli. Wao hawakufuata serikali kuu, bado wana utaratibu wa zamani na maili zake 50 na wiki zake 39, unajaza fomu 3913 kwenye ritani ya jimbo. Kinachokubalika ni kusafirisha vyombo, kutunza stoo mpaka siku 30 mfululizo, mafuta na hoteli za njiani. Chakula hapana. Safari ya kwenda kutafuta nyumba hapana. Depositi hapana. Na kama mwajiri alikulipia gharama hizo, jimbo haliihesabu kama mshahara hata kama serikali kuu inaihesabu, ndo maana kwenye W-2 ya California unaweza kukuta boksi la 1 (mshahara kwa serikali kuu) na boksi la 16 (mshahara kwa jimbo) hazifanani, usishtuke. New York nao bado wanakubali gharama za kuhama kwenye ritani ya jimbo.

Thamani yake? Ukiwa na gharama za 4,000 zinazokubalika na upo daraja la asilimia 6 la California, unaokoa 240. Ukiwa 9.3 unaokoa 372. Ni hela, idai, usiiache, watu wengi wa kwetu Sacramento na San Diego wanaiacha kwa sababu programu ya kujaza ritani ikiona serikali kuu haina, wao wanaruka swali. Lakini usichague California badala ya Texas kwa ajili ya 240. Rent peke yake itaimeza wiki ya kwanza.

Wanajeshi

Vijana wetu wengi waliokuja na green card wameingia jeshini, na hawa ndo bado wana haki kamili, ila nawaona wakiambiwa "hiyo ilifutwa" na wajazaji wasiojua. Haikufutwa kwako. Ukiwa kwenye jeshi kazini na umehamishwa kituo kwa amri, unajaza fomu 3903, huulizwi maili 50 wala wiki 39, na huhitaji kuorodhesha makato, inatoka juu kabisa kwenye mapato hata ukichukua punguzo la kawaida kama wengine.

Unachodai ni kile ambacho serikali haikukulipia. Jeshi likibeba vyombo vyenu lenyewe, hiyo huidai, maana hujalipa. Lakini mkisafiri na gari la pili kutoka Fort Bliss mpaka Lewis-McChord, tuseme maili 1,700, na hilo gari halikulipiwa, kwa kiwango cha 2025 cha senti 21 kwa maili ni dola 357, ongeza toli na parking, ongeza hoteli. Au tumia gharama halisi za mafuta kama zinazidi, chagua moja. Mke au mume na watoto wamo kwenye hesabu. Chakula hata kwenu hakimo. Na ukimaliza jeshi, safari ya kurudi nyumbani au karibu zaidi ndani ya Marekani ina nafasi pia, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu utoke.

Kanada, kwa binamu

Huku ndo kinyume chake. Kanada ritani ndo rafiki yako, fomu T1-M, mstari wa 21900. Sharti kubwa ni kwamba nyumba mpya iwe karibu na kazi mpya kwa angalau kilomita 40 kuliko ile ya zamani, kwa njia fupi ya kawaida ya barabara. Hakuna wiki 39.

Na orodha yao ni pana mpaka inatia wivu. Lori na wasafirishaji, stoo, mafuta, hoteli za njiani, makazi ya muda mpaka siku 15 pamoja na chakula chake, gharama ya kuvunja mkataba wa rent ya zamani, kamisheni ya dalali ukiuza nyumba, hata kubadilisha leseni na kuunganisha umeme. Chakula unaweza kutumia njia rahisi isiyohitaji risiti, dola 23 kwa mlo, mpaka 69 kwa siku kwa kila mtu. Binamu alihama Winnipeg kwenda Edmonton na mke na watoto wawili, siku mbili njiani: 69 mara 4 mara 2, hiyo ni 552 bila kuhifadhi risiti hata moja ya chakula. Jumlisha lori 2,100, hoteli 140, na mwezi mmoja wa rent wa kuvunja mkataba 1,500, akafika 4,292. Kwa mtu ambaye daraja lake la juu ni asilimia 20.5 ya serikali kuu na 10 ya Alberta, jimbo la Edmonton, hiyo ni kama dola 1,300 za Kanada zinarudi. Kwa safari ile ile ya ukubwa huo mimi Houston nilipata sifuri.

Yasiyokubalika kwao: safari ya kutafuta nyumba, hasara ya kuuza nyumba, kuelekeza barua posta. Na hapa kuna mtego mmoja ambao watu wanajikwaa, unatoa gharama kwenye mapato uliyopata mahali papya tu. Ukihama tarehe 10 Desemba na mshahara wa Edmonton mwaka huo ni wa wiki mbili, unatoa mpaka hapo, kilichobaki unakisukuma mwaka unaofuata. Haipotei, ila inabidi ukumbuke kuiandika mwaka unaofuata, na wengi hawakumbuki.

Mwajiri wa Kanada akikurudishia gharama halisi kwa kawaida sio mapato ya kutozwa kodi, na hata akikupa mpaka 650 bila risiti bado sawa, mradi uthibitishe kwa maandishi kwamba uliitumia kuhama. Kwahiyo kule ofa ya "risiti" ambayo Marekani nimeiita mbaya kuliko zote, Kanada ndo nzuri kuliko zote. Ofa ni ile ile, mpaka ndo umebadilika. Ila huwezi kudai mara mbili, kilicholipwa na bosi hukiandiki T1-M.

Na kwa wanaotoka Dar au Nairobi kwenda Kanada kuanza maisha kwa mara ya kwanza: tiketi ya ndege na kontena lako havimo. Kuhamia Kanada kutoka nje kunakubalika kwa wanafunzi wa full-time wa vyuo, na kwa wale ambao walikuwa bado wanahesabika wakazi wa Kanada kikodi. Mwanafunzi naye anatoa kwenye skolashipu au ruzuku ya utafiti ile inayotozwa kodi tu, na wengi skolashipu yao haitozwi, kwahiyo kwao inakuwa haki isiyo na kazi mpaka wahame tena kwenda kwenye ajira.

Uingereza kwa ufupi

Ukijilipia mwenyewe hakuna kitu. Mwajiri akikulipia, pauni 8,000 za kwanza za gharama zinazokubalika hazitozwi kodi, mradi umehamisha makazi yako kwa sababu ya kazi na nyumba ya zamani iko mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Muda wa kutumia unaisha tarehe 5 Aprili ya mwisho wa mwaka wa kodi unaofuata ule ulioanza kazi. Kwahiyo Uingereza ni kama Marekani kwa maana ya kwamba mazungumzo ni kabla ya kusaini, ila unachoomba ni tofauti: usiombe pesa mkononi, omba walipe gharama zenyewe, manake hela mkononi tu ni mshahara na inatozwa.

Sasa kama ofa ipo mezani wiki hii

Huna familia, vyombo vichache, Marekani: chukua hela mkononi, zidisha kwa 0.7035 ujue unachokipata kweli, na ukiomba gawa unachotaka kwa 0.7035. Ukitaka 3,500 safi, omba 5,000, usiombe 3,500.

Una familia na nyumba nzima ya vyombo: acha kampuni imlipe msafirishaji, lakini usisaini bila kujaziwa kodi kwa maandishi. Wakikataa kujaza kodi yote omba wajaze ile ya serikali kuu tu, nusu shari kuliko shari kamili. Mimi nilipohama tena 2024 niliuliza kwa barua pepe ya mistari mitatu, je malipo ya kuhama yatajaziwa kodi, je kiwango ni asilimia ngapi, je nikiacha kazi narudisha kilichofika mkononi au kamili. Nilijibiwa siku hiyo hiyo, wakakubali kujaza, na kumbe walikuwa na sera hiyo tayari, ila hawaisemi mpaka uulize. Hilo liliniuma kidogo nikikumbuka 2022.

Una biashara yako mwenyewe Marekani: vyombo vya nyumbani hapana, lakini kusafirisha vifaa vya biashara, mashine za salon, vifaa vya kupikia vya catering, hiyo ni gharama ya biashara. Tenganisha ankara mbili tangu mwanzo, usichanganye kitanda cha watoto na oveni ya biashara kwenye lori moja lenye risiti moja.

Na kama ulishahama na hukudai, usikate tamaa kabla ya kuangalia tarehe. California kwa kawaida wanakupa miaka minne kurekebisha ritani ya jimbo. Kanada ni miaka 10 nyuma. Nilimwambia binamu hilo mwaka jana tukiwa kwenye simu, akakumbuka kwamba 2018 alihama Toronto kwenda Winnipeg akiwa bado hajui habari za T1-M, mkewe akaingia kwenye boksi la makaratasi chini ya ngazi akaikuta risiti ya lori, wino umefifia lakini tarehe na jumla vinasomeka. Wameshatuma.